Kongoti na Majani Yaliyoliwa na Jua

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa jua, pakawa jani, pakawa na mmoja aliyesimama katikati yao.

Basi kaeni vizuri. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye swali alimeze kwanza, tutalitafuta baadaye.

Hapo zamani za kale, kabla mvua hazijajifunza kuchelewa, palikuwa na nchi ya mawe na vichaka. Katika mawe yale aliishi Bi Pimbi na mwanawe mmoja, jina lake Sinde. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia wa kujivunia, kutwa kakaa juu ya mwamba anaangalia. Wengine wakikaa juu ya mwamba huangalia mandhari. Bi Pimbi aliangalia nani anapita, kabeba nini, na kwa nini kakibebea upande ule.

"Mama Sinde," majirani walimwambia, "wewe utakuja kumshuku hata aliyekuja kukusalimia."

"Anisalimie kwanza," alijibu, "nitajua."

Mtoto Sinde alikuwa na kifua. Masika yakiingia na baridi ikishuka kwenye mawe, kifua kile kililia kama filimbi: fii, fii, fii. Hakikunyamaza ila kwa dawa moja tu: mvumbasha, jani lile la harufu kali, uliokaushwa vizuri, ukachemshwa, mtoto akaunywa na kujifukiza. Mwaka uliotangulia mvumbasha uliisha kibuyuni kabla mvua hazijaisha mawinguni. Ilibaki kidogo tu Bi Pimbi abaki peke yake juu ya mwamba. Alijiapia kwamba masika mengine hayatamkuta na kibuyu kitupu.

Sasa, siku hizo kila mnyama alikausha majani yake chini, juani. Jua linayaunguza, mvumbasha unageuka rangi ya kutu, harufu inakwenda na upepo, vumbi linakuja kukaa mahali pa harufu. Ndipo wanyama wakaamua kujenga kaushio moja la wote. Mchwa wakasimamisha sanduku la udongo, sakafu yake wakaipaka masizi ili ishike joto. Ndege Mnana akasuka nyavu za kutandazia majani. Juu wakafunika nailoni nyeupe iliyoletwa na upepo kutoka kwa binadamu. Chini wakaacha matundu ya kuingizia hewa, na juu matundu ya kuitolea. Hewa inaingia baridi, inapata joto, inapita katikati ya majani, inatoka na unyevu wake. Jani linakauka na rangi yake na harufu yake. Ukiliminya linalia kach! Hapo limekauka.

Kazi ikawa nzuri. Na ilipokuwa nzuri, akatokea wa kuisimamia.

Alikuwa Kongoti. Ndege mrefu, kipara, mfuko wa ngozi shingoni, koti jeusi, mabawa nyuma, mwendo wa mtu anayekwenda kuzindua kitu. Hakuna aliyemwajiri. Asubuhi moja alionekana tu amesimama mbele ya kaushio, na kwa kuwa alisimama vizuri sana, kila mnyama alidhani mwenzake ndiye aliyemteua. Akajiita Msimamizi Mkuu wa Jua.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo ni marufuku kulisogelea kaushio wakati jua likiwa kazini. Leteni majani, yawekeni hapa, rudini makwenu. Yakikauka mtaitwa."

"Kwa nini tusisogee?" aliuliza Bi Pimbi.

"Kwa sababu za kitaalamu."

"Zipi?"

"Hizo hizo."

Kisha akachovya mguu topeni na kugonga muhuri kwenye kikapu cha kila mmoja. Muhuri ule haukuwa na maana yoyote, lakini wanyama waliupenda.

Mara ya kwanza Bi Pimbi akapeleka mvumbasha, kikapu kimejaa hadi kinamwagika. Alipoitwa, akapewa kiasi cha kujaza kiganja.

"Mheshimiwa, mbona kidogo?"

"Jua limekula, mwananchi."

"Limekula?"

"Unyevu. Jani ni maji, maji ni ya jua, jua limechukua chake. Kitaalamu tunaita mnyauko."

Wanyama wote wakatikisa vichwa. Kweli, jani likikauka hupungua, nani asiyejua hilo? Bi Pimbi naye akatikisa kichwa, akarudi mwambani. Lakini alipokaa, hakukaa kama siku zote. Alikaa kama aliyekalia kijiwe.

Mara ya pili akachuma maua ya rosela. Safari hii akayagawa mafungu mawili yanayolingana. Fungu moja akalipeleka kwenye kaushio. La pili akalitandaza nyumbani, kwenye ufa wa mwamba mahali upepo unapopita, akaketi kando yake asitoke hata kwenda kuazima moto. Yote mawili yalipokauka akayaweka mbele yake. Fungu la nyumbani lilikuwa kama kichuguu. La kaushio lilikuwa kama alama ya kichuguu kilichong'olewa.

Akalichukua lile la nyumbani, akaenda nalo.

"Mheshimiwa, maua haya ni ya kichaka kimoja. Mbona lile la kwako ni dogo hivi?"

"Jua limekula, mwananchi."

"Na hili la nyumbani mbona jua halikulila?"

Kongoti akalitazama fungu kwa jicho moja, kisha kwa la pili.

"Jua la nyumbani ni la nyumbani," akasema. "Hili ni la serikali."

Bi Pimbi akaondoka. Moyoni akajua jambo moja: mwizi yupo. Jambo la pili, ni nani, hakulijua. Na asiyejua huanza kukisia.

Chini ya kaushio, katika shimo lake, aliishi Buku. Buku ni panya mkubwa, na kama mjuavyo, aliumbwa na mifuko ndani ya mashavu. Bi Pimbi alimwangalia siku nzima kutoka mwambani. Asubuhi Buku katoka, mashavu yamenywea. Jioni Buku anarudi, mashavu yametuna. Anaishi wapi? Chini ya kaushio. Anabeba nini? Hasemi. Bi Pimbi akajipiga paja. "Huyu!"

Akashuka mbio, akamzuia njiani, akapiga kelele mpaka wanyama wakajaa.

"Buku! Fungua mashavu!"

"Mm-mm," akasema Buku.

"Mnaona? Anaogopa kusema!"

"Mm-mm-mm!"

"Fungua watu waone majani yao!"

Buku akayatazama macho ya watu, yote yamemkodolea. Akainama, akayatapika mashavu yake mavumbini. Zikatoka punje za mtama. Mtama mtupu, hata jani moja halimo.

"Mke wangu kajifungua juzi," akasema taratibu. "Tangu alfajiri nachakura punje moja moja. Haya, jirani. Nimefungua."

Sisimizi walikuwa wamekwisha kuanza kuzibeba zile punje. Ndege mmoja akacheka, wengine wakaona aibu kwa niaba yake. Bi Pimbi alitamani mwamba upasuke aingie.

Aliyefurahi ni mmoja tu, naye alifurahi kwa uso wa huzuni.

"Inasikitisha," akasema Kongoti. "Inasikitisha sana mwananchi kumtuhumu mwananchi. Naunda Kamati ya Kuchunguza Upotevu wa Majani. Mwenyekiti ni mimi. Katibu, kwa kubana matumizi, ni mimi. Wajumbe watateuliwa na mwenyekiti baada ya kushauriana na katibu."

Wanyama wakapiga makofi. Lakini tangu siku ile nchi ikaharibika. Maana kama si Buku, basi ni nani? Digidigi akaacha kuazima kinu kwa Ngiri. Ngiri akaanza kulala ameegemea kikapu chake. Watu wakawa hawasalimiani mpaka wanusane midomo kwanza.

"Hujambo, shemeji."

"Sijambo. Hebu sema tena, nisikie pumzi."

Na mawingu nayo yakaanza kukusanyika mlimani, kidogo kidogo, kama yanayosubiri wenzao.

Mara ya tatu Bi Pimbi akapeleka vikapu viwili: mvumbasha kwa ajili ya kifua cha mtoto, na mlenda kwa ajili ya kitoweo. Akarudishiwa mvumbasha usiofunika hata kitako cha kibuyu, na mlenda wa kushika kwa vidole.

"Jua limekula..." Kongoti alianza.

"Nimesikia," akasema Bi Pimbi.

Akafika nyumbani, akamkuta Sinde amejikunja kwenye majani. Fii, akasikia. Mara moja tu, halafu kimya. Lakini alisikia. Mvua bado, na kifua kimekwisha kuanza kujaribu filimbi yake.

Akainjika chungu apike. Akautupa kwenye maji ya moto ule mlenda mkavu wa vidole viwili. Mlenda ukakaa juu ya maji kama vumbi. Kisha ukanywa. Ukanywa tena. Ukatuna, ukateleza, ukapanda kuta za chungu, ukasukuma mfuniko, ukashuka nje kwenye majivu.

"Loo!" akasema Bi Pimbi. "Kumbe kilichonyimwa maji kikiyapata hakina adabu."

Akasimama na mwiko mkononi, hapiki tena, anafikiri. Maana kutwa alikuwa juu ya mwamba, na kutwa alikuwa akiona jambo bila kulihesabu kuwa jambo. Adhuhuri, jua likiwa utosini, kila mnyama hushuka kisimani kunywa. Ngiri hunywa. Digidigi hunywa. Hata Kinyonga hufika, ingawa akifika wenzake wamekwisha kuondoka. Ni mmoja tu asiyekunywa, naye husimama kutwa kando ya sanduku la moto, kavaa koti jeusi! Jioni hupanda kwanza kwenye mti wake, akishuka ndipo hunywa. Na ule mfuko unaoning'inia shingoni mwake: asubuhi umelala bapa, jioni umenenepa. Bi Pimbi siku zote alidhani ni cheo kinakua.

Kiu ya namna gani hiyo inayosubiri mpaka mtu afike nyumbani?

Safari hii hakupiga kelele. Alikuwa amekwisha kupiga kelele mara moja, na kelele zile zilimwaga mtama wa mwenzake. Akachukua mtama wake mwenyewe, akaujaza kwenye ungo, akaenda kwa Buku.

"Hodi."

"Nani? Mkaguzi wa mashavu?"

"Ni mimi, jirani. Nimekuja kuomba radhi."

"Mashavu yako mwenyewe umeyaacha nyumbani?"

"Nimekuja na mtama. Ni wa mzazi, si wako."

Buku akauangalia mtama, akamwangalia na mletaji. "Na sasa unamshuku nani?"

"Safari hii sisemi."

"Afadhali."

"Ila nataka tufunge maneno yetu barazani, mbele ya wote. Na kata ya maji uishike wewe."

Nisikilizeni vizuri hapa. Katika nchi ile, wanyama wakigombana hadharani, walipatanishwa hadharani. Watu wote waliosikia ugomvi huja barazani, na kata moja ya maji huzunguka, kila mmoja anapiga funda. Huitwa maji ya kufunga maneno. Asiyekunywa, maana yake ana neno amebaki nalo.

Bi Pimbi akaomba baraza iwe jioni, mara tu kazi ya kaushio ikiisha. Akamwalika Kongoti azungumze. Kongoti alikuwa njiani kuelekea kwenye mti wake, lakini aliposikia kuna watu wamekaa na hakuna anayewahutubia, miguu yake ikageuka yenyewe.

Bi Pimbi akasimama. "Nilimkosea Buku mbele yenu, nataka ninywe naye mbele yenu." Akanywa. Buku akanywa. Digidigi akanywa, Ngiri akanywa, Mnana akanywa, kata ikazunguka mpaka ikafika chini ya mdomo mrefu wa Kongoti.

"Asanteni," akasema Kongoti. "Leo nimefunga."

"Si adhuhuri nimekuona unakula chura?" akauliza Ngiri.

"Nimefunga baada ya chura."

Kata haikuondoka. Buku aliinyoosha mikono juu, ameishika vilevile.

"Isitoshe," akasema Kongoti, "kwa itifaki kiongozi hanywi katika kata ya watu wa kawaida."

Mnana akaruka, akaleta kata nyingine, mpya, haijaguswa na mdomo. Ikajazwa maji.

"Na tena," akasema Kongoti, sasa akimeza bila kumeza kitu, "suala la kunywa halijapitishwa na kamati. Kamati haijakaa."

"Kamati si ni wewe?" akasema Digidigi. "Kaa!"

Baraza ikacheka. Bi Pimbi hakucheka. Akasema kwa sauti ya adabu kabisa: "Jamani, msimlazimishe mheshimiwa. Ila asiyekunywa ana neno. Mheshimiwa, una neno?"

Macho yote yakamgeukia Kongoti, kama yalivyomgeukia Buku siku ile. Hakuwa na pa kupita. Akainama, akachovya ncha ya mdomo, apige funda dogo kama la kuonja chumvi. Lakini ndege hajui kuonja. Ndege akinywa lazima ainue kichwa juu, na maji yakishaanza kushuka hayasikilizi msimamizi.

Yakashuka.

Hakuna kilichotokea. Wanyama wakatazamana. Bi Pimbi akajiuliza moyoni. Ina maana nimekosea tena? Mara ya pili?

Kongoti naye aliona hakuna kilichotokea. Angeaga hapo hapo angefika kwenye mti wake salama, na mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini baraza imejaa, na yeye kasimama mbele yake. Akajikohoza.

"Ndugu wananchi. Kwanza kabisa. Kabla ya yote. Napenda kuchukua nafasi hii..."

Akaichukua ile nafasi, akakaa nayo sana. Akawashukuru mchwa kwa udongo, akalishukuru jua kwa ushirikiano, akajishukuru mwenyewe kwa moyo wa kujitolea. Na wakati wote huo, gizani mwa mfuko wake, majani makavu yalikuwa yakinywa.

Mfuko ukatikisika. Ukanenepa kama kiganja. Ukanenepa kama boga.

"...na kamati yangu imebaini kwamba j-jua..." Ute mmoja mrefu wa kijani ukachuruzika kwenye ncha ya mdomo, ukaning'inia, ukakataa kukatika. Mlenda! Nyuma yake yakaja maji mekundu ya rosela, yakaloweka ngozi ya shingo. Kisha harufu ikapanda, harufu ya mvumbasha, ikazunguka baraza nzima. Haikubaki pua moja iliyohitaji kunusa mdomo wa jirani.

"Rosela yangu!" akapiga kelele Ngiri.

"Mlenda wangu huo, naujua kwa kuteleza!" akasema Digidigi.

Kongoti alitaka kusema jua limekula. Likatoka povu. Akataka kuruka, mfuko ukamvuta chini. Akaanguka kifudifudi, na majani ya nchi nzima yakatoka mdomoni mwake yakawa lundo.

Wakaenda kwenye mti wake. Tundu la mti lilikuwa limejaa majani hadi ukingoni. Bi Pimbi akayarukia, akachukua jani la mvumbasha, akaliminya karibu na sikio. Halikulia. Lilikuwa laini kama kitambaa, limeota ukungu mweupe. Majani yaliyopita katika koo la Kongoti yalikuwa yamepata unyevu, naye aliyarundika hivyo hivyo, mzigo juu ya mzigo, kwa kuwa alijua kusimamia ukaushaji, kukausha hakujua. Mvumbasha wote wa kifua cha Sinde ulikuwa pale, na wote ulikuwa umeoza.

Ngurumo ikasikika mlimani.

Bi Pimbi akakaa chini. Hakulia. Alikuwa ameshika lile jani laini.

"Mama Sinde," akasema Buku, "jua la kesho lipo?"

"Labda. Kidogo."

"Basi tulitumie. Mvumbasha wa mtoto uingie kwanza, wetu tutaona."

Hakuna aliyepinga. Alfajiri wote wakatoka kuchuma. Wakatandaza nyembamba, jani lisilale juu ya jani. Hakuna aliyerudishwa nyumbani. Ngiri alifunika upande wa upepo kwa mgongo wake, Mnana aligeuza nyavu, Digidigi alizibua matundu, na kila mmoja alimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni, maana tabia haiachwi kwa siku moja. Jua lilikuwa likitoka na kuingia kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Tone la kwanza la mvua lilipogonga nailoni, Bi Pimbi alikuwa ameinama, jani liko kati ya vidole.

Kach!

Kongoti je? Alisugua shingo kwa mchanga, akasugua kwa majivu, wekundu haukutoka. Mpaka leo mfuko wake ni mwekundu na umelegea, haukurudi tena kama ulivyokuwa. Alihamia majalalani. Ukimkuta huko amesimama, koti jeusi, mabawa nyuma, ukamuuliza anafanya nini, atakwambia anakagua.

Masika yakaja na baridi yake yote. Asubuhi moja Bi Pimbi aliamka, akatega sikio. Kimya. Hakuna fii. Akasogea. Kimya. Akaanza kuogopa. Akaweka sikio juu ya kifua cha mtoto, akasikiliza upande huu, akahamia upande ule.

Sinde akafumbua jicho moja.

"Mama, sasa unanishuku mimi kwa nini?"

"Unapumua vizuri mno," akasema Bi Pimbi. "Nilitaka kuhakikisha."

Funzo lake ni hili, wasikilizaji wangu. Kushuku si dhambi, lakini pima kwanza ndipo useme, usije ukamdhalilisha jirani kwa kuwa tu mashavu yake ni makubwa. Na yeyote anayekukataza kuangalia mali yako mwenyewe, kwa sababu asizoweza kuzitaja, huyo muulize tena, na kesho muulize tena, hata kama kasimama vizuri.

Hadithi nimeitandaza, hadithi imekauka. Anayeitaka na aichukue akaitie maji nyumbani kwake. Mimi mikono yangu hii hapa, mitupu, ikagueni.